Ziwa Lilikuwa Wazi, Njia Ndiyo Iliyofungwa

Samaki wa Rukwa hangoji mtu. Ukimtoa majini alfajiri na jua likafika utosini hajaonja moshi, jioni utamzika badala ya kumla. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi yangu. Nalitaja mapema ili mjue kwa nini sisi wabanikaji tulijali njia ya kutoka majini kuliko tulivyojali hata nyavu. Samaki akichelewa njiani, kazi ya mvuvi na kazi yangu zote ni bure.

Nilibanika samaki Ivuna tangu nilipoolewa mpaka macho yalipokataa moshi. Sasa nakaa Mpemba kwa mwanangu, na nyinyi wajukuu na rafiki zenu mkitaka kwenda ziwani siku za mapumziko na ndoano zenu, mnapita kwangu kuuliza: Bibi, ni wapi mtu anaweza kuvua bila kuzuiwa wala kutozwa? Mnauliza kana kwamba ni swali jepesi, kama kuuliza choo kiko wapi. Kaeni basi. Tabita Nzowa atawajibu, lakini atajibu kwa mwendo wake.

Mimi si mtu wa ziwa. Nilizaliwa juu, Mbozi, kwenye kahawa na baridi, na samaki niliyemjua ni yule mkavu aliyekuja sokoni kwetu ndani ya tenga, mweusi kama kiatu. Yeremia Sinkala ndiye aliyekuwa akimleta. Alipanda mlima na tenga lake, akauza, akashuka, na safari moja akashuka na mimi. Baba yangu alimwambia, "Huyu anajua kuchuma kahawa, samaki hajui." Yeremia akajibu, "Mama yangu atamfundisha." Hakujua alichokuwa akimtwisha mama yake.

Wiki ya kwanza nilitumwa kuni. Nikaona mti mmoja uliokauka vizuri, haukuwa mbali, na nikashangaa kwa nini wenzangu wote wanaupita. Nikaukata, nikarudi mapema nikijiona hodari. Perege waliobanikwa kwa kuni zile walitoka wekundu wa kupendeza, na wachungu hata paka alikataa. Mama mkwe wangu aliuma kipande, akatafuna taratibu, akameza. Akasema, "Sawa. Mwaka huu nyumba hii haitaugua malaria." Kwa muda mrefu majirani waliita samaki wetu kwinini. Basi shikeni hili: mti mkavu ulio karibu na njia, na watu wote wanaupita, una sababu yake. Uliza kabla ya kukata.

Mama mkwe hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alifundisha kwa mkono. Alinishika kiganja akakiweka juu ya chanja, uchaga wa kukaushia samaki, kunionyesha joto: ukiweza kuvumilia kwa muda wa kuvuta pumzi ndefu, moto ni wa kukausha; ukiondoa mkono upesi, unachoma, na samaki aliyechomwa huoza kwa ndani huku nje anang'aa. Kambale alimpasua mgongoni, si tumboni, kwa kuwa mafuta yake yako tumboni. Na moto wa kwanza wa siku hakuuwasha mpaka amesikia sauti za wanawe zikitoka majini. Alikuwa na wana wawili, Yeremia wangu na mdogo wake, shemeji yangu Elia. Wote walivua katika mtumbwi mmoja, Yeremia nyuma na upondo wa kusukumia, Elia mbele na wavu, na Elia alikuwa akiimba. Ukisikia wimbo, unapuliza moto.

Sasa nije kwenye njia. Ukiliona Rukwa kutoka mlimani utadhani unaweza kuliingia popote. Ukishuka, unakuta ziwa limejizungushia matete na tope, na tope lile halina rafiki. Sehemu za kufikia maji kwa mguu mkavu zilikuwa chache. Upande wetu mwalo mzuri ulikuwa mmoja, mchanga mgumu wenye kivuli, ambapo mitumbwi ilitua na wanawake walingoja na matenga. Hakuna aliyejua ulianza lini kuwa mwalo.

Miaka ile mgodi wa dhahabu wa Saza ulikuwa umepamba moto, na tulipeleka samaki huko kuliko kwingine kokote. Wazungu walikuwa wengi, wa migodini na wa mashamba ya juu, na joto na vumbi viliwachosha kama vilivyotuchosha sisi. Wakaanza kuja ziwani kupumzika. Kwanza walikuja na mahema. Baadaye mmoja wao, ambaye sisi tulimwita Bwana Miwani, akajenga nyumba za nyasi na veranda, pakawa na duka, pakawa na mashua iliyopakwa rangi nyeupe, na siku za sikukuu palijaa watoto wenye kofia kubwa. Ikawa kama mji mdogo wa likizo. Sisi hatukuona vibaya. Walinunua samaki wabichi na mayai. Walipajenga pale kwenye mchanga mgumu, wenye kivuli. Mnaona inakoelekea.

Asubuhi moja tulikuta waya wa seng'enge kutoka matete hadi matete, na mlinzi mlangoni. Mlinzi mwenyewe alikuwa Mnyiha mwenzangu, mtu mzima, Mwashiuya. Nilimsalimu kwa lugha ya kwetu, akainamisha uso.

"Dada, usinifanye nikufukuze," alisema. "Mimi nimeambiwa nisimame hapa tu."

"Na mitumbwi?"

"Imetolewa. Iko kule kwenye matete. Haikuvunjwa, niliiangalia mimi mwenyewe."

Wavuvi walikwenda kwa jumbe, na jumbe akaenda boma. Alirudi akatukusanya, na hotuba yake naikumbuka kwa sababu ilikuwa fupi. Alisema, "Nimeuliza kama ziwa limeuzwa. Wamenijibu ziwa haliuzwi, ni la watu wote, kila mtu avue apendavyo. Nimeuliza njia. Wamesema kile ni kiwanja cha mtu."

Mzee mmoja akasema, "Kwa hiyo tumeruhusiwa kuvua."

"Mmeruhusiwa."

"Ila tufike kwa kuruka."

Jumbe hakucheka, wala sisi hatukucheka sana.

Basi ikaanza kazi ya kutafuta pengine. Walijaribu tope kwanza, wakatandika matete na kupita juu yake, lakini mwenye tenga zito alizama hadi mapajani na samaki walichelewa, nami nilizika wengi kuliko niliobanika. Mkikwama kwenye tope la namna ile, msipige mateke. Laleni kifudifudi kama mnaogelea, mtandaze mikono, mtoke polepole kwa aibu lakini mtoke.

Baada ya hapo wakahamia mdomo wa mto, pale mto Songwe unapoingia ziwani. Pana mchanga, pana njia ya ng'ombe, kila kitu kizuri, na kila mtu alijua kwa nini hapakuwa mwalo. Mamba hupenda mdomo wa mto kwa sababu ile ile wavuvi wanaupenda. Mama mkwe alisema mara moja tu, "Pale sipataki." Yeremia akamjibu kwa heshima, "Mama, hata mimi. Nionyeshe pengine." Hakuwa na pengine pa kumwonyesha.

Siku moja Elia alikuwa ameshuka kuusukuma mtumbwi uliokwama kwenye fungu la mchanga. Maji yalikuwa ya magoti. Yeremia alinisimulia kwamba hakuona mnyama, aliona tu mdogo wake amekaa chini ghafla kama mtu aliyechoka. Akamrukia. Alimpiga mamba kwa upondo kwenye macho mpaka upondo ukavunjika, akaendelea kwa kipande kilichobaki, na yule mnyama akaachia. Mguu ulikuwa bado upo lakini haukuwa mguu tena.

Yeremia alipomfikisha ufukoni tulimfunga kwa khanga yangu na ya mama yake, tukambeba kwenye machela hadi kambini kwa Bwana Miwani, kwa sababu ndiko kulikokuwa na gari. Mwashiuya hakungoja ruhusa ya mtu. Alifungua ule mlango wa waya akaenda mbio kumwita bwana wake. Bwana Miwani alitoka na sabuni usoni, alikuwa ananyoa. Aliangalia mara moja, akachukua funguo, na ni yeye mwenyewe aliyeendesha lori kwa njia ya kiangazi hadi hospitali ya misheni huko juu, mimi na Yeremia nyuma tumemshika Elia asirushwe. Wakaukata mguu chini ya goti. Elia akapona.

Yule mtu alitenda jema siku ile, na sitasema vingine. Alikuja hospitalini na biskuti, akasimama mlangoni akizungusha kofia yake mkononi. Alisema anasikitika. Yeremia akamwambia kwa Kiswahili cha pole pole, "Bwana, tufungulie njia." Yule akajibu kwamba wageni wake wanalipa ili wapate utulivu, akatazama chini, akaondoka. Alitupa gari, hakutupa njia.

Elia alirudi nyumbani na magongo. Akajifunza kufuma nyavu, akawa fundi, lakini majini hakwenda tena hata kunawa, na hakuimba. Mama mkwe naye akaacha ile tabia ya kungoja sauti. Aliwasha moto wakati wowote.

Mimi nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda, nikaenda nayo kununua chumvi.

Chumvi ya Ivuna wengine mmeila bila kujua. Kiangazi wanawake wa kule walikuwa wakichota maji ya chemchemi za chumvi na kukwangua udongo mweupe, wakiuchuja na kupika maji yake kwenye vyungu mpaka chumvi igande. Nilizoea kubadilishana nao, samaki kwa chumvi. Siku hiyo, nikingoja chungu kiive, nilitazama ardhi. Hapo ndipo nilipoona. Nyayo zao hazikuzama. Chini ya ule weupe palikuwa pagumu kama sakafu, na ule weupe uliendelea, ukapita vyungu vya mwisho, ukapita mgunga mmoja mkubwa, ukaenda kama ulimi hadi kwenye maji. Swala walikuwa wamesimama mwishoni wanakunywa, vichwa chini, bila wasiwasi.

Hilo basi ndilo jibu la nusu ya swali lenu. Mkitafuta pa kuvulia, msitazame maji, maji yote yanafanana. Tazameni ardhi na walioitangulia. Swala akinywa na kwato zake zi kavu, pana ugumu. Akinywa haraka na kuruka nyuma, pana mwenye meno. Matete yakiwa manene, usiende.

Lakini njia ile ilikuwa na wenyewe. Mkubwa wa wapika chumvi alikuwa Bibi Namonga, mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyopasuka kwa chumvi. Nilipomwomba, hakuniangalia, aliendelea kukoroga.

"Wavuvi wanapasua samaki popote wanaposimama," alisema. "Damu na magamba yakiingia kwenye chemchemi yangu, nipike nini? Supu?"

"Hawatapasua, bibi."

"Wewe utawazuia? Mke wa mtu?"

Nikamwambia kuhusu Elia. Akachochea moto chini ya chungu.

"Kiangazi hiki una kazi?"

"Nina kazi ya kuzika samaki."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Basi njoo ubebe maji. Nikuone."

Nikabeba. Mikono yangu ikapasuka kama yake. Na huko, wajukuu zangu, ndiko nilikojifunza jambo lililobadili kazi yetu yote: kambale ukimlaza usiku mmoja ndani ya maji makali ya chumvi kabla ya kumpandisha chanjani, anadumu hadi katikati ya masika bila funza. Mama mkwe, aliyebanika tangu utoto wake bila chumvi, aliuma yule kambale wangu wa kwanza, akatafuna kama alivyotafuna ile kwinini. Kisha akaniambia nimfundishe. Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo.

Kiangazi kilipokwisha Bibi Namonga aliwaita wavuvi wote chini ya ule mgunga. Akawaambia masharti. Hakuna kupasua samaki kuanzia mti huo mpaka mmevipita vyungu mkirudi. Kila anayepita aje na ukuni mmoja mkononi auache kwenye vyungu, maana chumvi inakula kuni kuliko mtu anavyokula ugali. Na la mwisho alilisema akiwa amesimama.

"Njia hii haiuzwi. Apite Mwanda, apite Mnamwanga, apite Mnyiha, apite hata mgeni nisiyejua lugha yake. Nikisikia mmoja wenu amemtoza mwenzake hata kambale mdogo, naziba kwa miiba, na mtarudi kwenye mamba wenu."

Waliitikia wote. Haukupita muda mrefu, kijana mmoja mvuvi, Sikazwe, akaanza kukaa pale ulimi unapoanza, akiwadai wageni waliotoka mbali samaki mmoja mmoja "wa kutunza njia." Bibi Namonga alipopata habari hakugombana na mtu. Asubuhi tulikuta miiba.

Yeremia na wenzake walikwenda kumwomba. Akawasikiliza akichuja udongo wake, akasema, "Mlilia mlipofungiwa. Hata hamjafunguliwa vizuri, na ninyi mmeanza kufunga." Wakarudi nyumbani. Sikazwe alirudisha samaki kwa kila aliyemkumbuka, na Bibi hakulainika.

Aliyelimaliza jambo lile ni Elia. Alikwenda peke yake, kwa magongo yake, mwendo wa kutoka kwetu hadi vyunguni, mwendo ambao mtu mzima wa miguu miwili aliulalamikia. Alifika jasho linamtiririka. Akasema, "Bibi, nipe mimi nikae pale. Nyavu nitafumia pale pale. Nitahakikisha hakuna mtu anayekaa pale."

Bibi Namonga alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Unataka kuwa mlinzi wa mahali pasipo na mlinzi?"

"Ndiyo."

"Na utakula nini?"

"Nitakula kama ninavyokula sasa. Nafuma nyavu."

Miiba ikaondolewa. Elia akajenga kibanda cha matete chini ya mgunga, na kwa miaka mingi aliyepita alimkuta hapo, nyavu mapajani. Alimkumbusha mgeni kuhusu ukuni, akamwonyesha pa kupasulia, basi. Watu walitaka kumwachia samaki, akawarudishia. Mimi niliona ni ukaidi, kumbe ndio uliokuwa ukimshikilia.

Kisha vita kuu ya pili ikapita, na ziwa likaanza kuondoka. Wenyeji wanajua Rukwa huja na kwenda, lakini mwendo ule hata wazee hawakuuzoea. Maji yalirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, yakaacha tope, tope likapasuka, likawa vumbi. Viboko walirundikana kwenye madimbwi. Pale kambini mashua nyeupe ilibaki imelala ubavu kwenye nyasi na maji hayaonekani. Wageni wakaacha kuja. Ulimi wa chumvi tu ndio ulioendelea kumfikisha mtu majini, kwa kuwa kila maji yaliporudi nyuma, ule ugumu uliyafuata.

Bwana Miwani alikuja kwa miguu, mwenyewe, na fimbo ya kuvulia begani. Alikuwa amezeeka haraka. Mimi nilikuwa vyunguni, na mama mkwe alikuwa nami, tumeleta kambale wa kulaza. Alimsalimu Bibi Namonga, akauliza kama anaweza kupita akavue, mara moja tu, kabla hajahama kwenda anakojua yeye.

Bibi Namonga akasema, "Mimi ni wa chumvi. Habari za kupita muulize yule."

Bwana Miwani akageuka, akamwona Elia chini ya mgunga, na nikaona amemtambua, maana aliutazama mguu kabla ya uso. Wanawake waliokuwa wakikwangua udongo waliacha. Mimi nilikuwa na maneno tele kifuani, niliyatunza kwa miaka, na nilitamani Elia ayaseme kwa niaba yangu.

Elia alimaliza fundo alilokuwa akilifunga. Akasema, "Ukuni uko wapi?"

Yule mtu hakuelewa. Elia akamweleza kama alivyomweleza kila mgeni, kwa sauti ile ile. Bwana Miwani akarudi kichakani, akakaa huko kidogo, akaja na gogo lililomchafua shati lote, akaliweka kwenye vyungu.

"Pita," Elia akasema. "Kulia usiende. Mto umehama na mdomo wake umehama nao. Mamba wako huko."

"Kulia kuanzia wapi?"

Elia akaanza kumwelekeza kwa kidole, akaacha. Huwezi kuonyesha kwa kidole mahali ambapo kila mwezi panabadilika. Alitazama maji kwa muda mrefu. Akaweka wavu pembeni, akachukua magongo, akaanza kuteremka kwenye maji, mgeni nyuma yake.

"Yeremia," alimwita kaka yake, aliyekuwa akifunga mtumbwi ufukoni. "Usifunge. Ngoja nimwonyeshe."

Yeremia alikuja akampokea magongo. Akamshika mdogo wake kwapani, akamkalisha mbele, mahali pake pa zamani. Mzungu akakaa katikati. Yeremia akasukuma. Walikwenda polepole, mtumbwi ukazama kidogo kwa uzito wa watatu, na Elia alikuwa ameshika kingo zote mbili kwa mikono miwili. Walipofika kwenye maji ya kina niliona ameachia mkono mmoja, kisha wa pili.

Niligeuka kumtazama mama mkwe. Alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho, midomo imebana. Nilidhani ataniambia twende ufukoni tukangoje, au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa chini kwenye kigoda chake, akavuta kisu na jiwe la kunolea.

"Tabita," alisema, "wahi nyumbani ukaandae chanja. Moto usiuwashe bado. Nitakuja nikisikia."

Niliandaa chanja, nikapanga kuni, nikakaa. Jua lilipoanza kulainika nilimwona anakuja kwa njia ya vyunguni, kisu mkononi, anatembea haraka kuliko umri wake.

"Puliza," akasema.